Mulango wa Saa Moja na Nusu

Mususa, 20 mwezi wa kenda, 2021

Hii kaye ya kuandikia ni Bénite njo alinipatia. Anasema niandike kila siku, hata mustari moja, ili mukono isisahau. Mimi ni Jokébed, mama yake. Ku masomo nilifika troisième primaire, darasa ya tatu, ile ingine yote nilijifunza ukubwani pamoja na bamama ya kanisa. Donc mutu akikuta makosa humu, anisamehe.

Bénite ni mwalimu. Alikuwa anafundisha quatrième, darasa ya ine, upande wa Oicha mpaka mwezi wa sita, siku batu ya pori baliingia na bunduki asubuhi mu mashamba ya kakao. Alifika hapa Butembo na valizi moja na simu. Ya ile siku hasemi. Nikimuuliza, anajibu: "Mama, tulikimbia. Ni vile tu."

Leo ameanza formation, mafunzo ya balimu ku simu, wiki kumi na mbili. Directeur wa masomo moja hapa chini alimuambia: ukimaliza mbele ya Noël, mwezi wa kwanza nakupa darasa. Kama hapana, atarudi Oicha, sababu kule njo jina yake iko ku liste ya balimu. Mungu, amalize. Sitaki nimuone tena anapanda moto, ile pikipiki, kufuata ile njia.

23

Mvua tangu asubuhi. Poireaux, mboga yangu ya soko, zilirudi nyumbani vile zilitoka.

26

Mwalimu wa balimu anaitwa Onésime. Anakaa Bungulu, ku Beni. Hatujamuona sura. Anatuma sauti mu groupe, batu arobaini banasikiliza, kila mutu kwake, kisha banarudisha kazi. Mama Paulin, jirani yetu, alipita ku dirisha akasikia mwanaume anaongea mu chumba.

— Mama Bénite! Mutoto amepata bwana, unatuficha?

— Bwana gani? Ni mwalimu yake.

— Mwalimu ana mwalimu? Na huyo naye, nani anamuchapaka?

Tulicheka mpaka Bénite akatoka kutunyamazisha.

Kwa kazi yeye hachezi. Kule Oicha batoto balikuwa banamuita Madame Saa. Saa moja na nusu ikifika anafunga mulango wa darasa, anaingiza chuma ndani. Mwenye kuchelewa anarudi kwabo. Mimi ku soko nilikuwa naisifia ile: binti yangu, hapana muchezo! Nilikuwa naisifia, kisha haraka naanza kuongea ya karoti. Najua juu ya nini, mais leo siandiki.

5 mwezi wa kumi

Mu nyumba réseau ya simu hakuna. Tunapanda juu, nyuma ya tanuru ya matofali, kwenye mikaratusi. Bénite anakaa ku jiwe, mimi namushikia mwamvuli, simu isinyeshewe. Leo alisikiliza somo mara tatu, kisha akashusha simu ku magoti.

— Mama, anaenda mbio. Sikuelewa.

— Si umuulize?

— Tuko arobaini mu groupe. Baone kama ni mimi tu sielewi?

Mutu amefundisha miaka sita, anaona haya kama mutoto wa première. Nilitaka kumuuliza, na bale banafunzi bako, wangapi balikuogopa? Nikamusogezea mwamvuli. Baridi ilikuwa nyingi, na alikuwa amevaa viatu ya wazi.

14

Maharagi inatoa maua. Bénite alipata sita juu ya kumi. Akaanza kusikiliza somo upya.

25

Ville morte, muji yote imelala. Vijana bamefunga barabara juu ya batu benye baliuawa tena upande wa Beni. Maduka imefungwa, soko imefungwa. Manassé, muzee mwenye anachajishaka simu yetu ku panneau yake ya jua, naye amefunga. Simu ya Bénite imezimika tangu jana. Kazi ya wiki ya tano inapaswa kufika kesho saa kumi na mbili ya mangaribi.

Alizunguka nyumba kama kuku mwenye anatafuta pa kutagia. Nikamuambia, mama, kaa. Hakukaa.

27

Manassé amefungua leo. Bénite akakimbia, kisha akapanda kule juu peke yake mu matope, mimi nyuma. Alifungua pa kutumia kazi. Simu ikaandika kwa rangi nyekundu: *délai dépassé*, wakati umepita. Akafinya tena. Nyekundu. Akafinya tena.

— Imefungwa, Mama.

Aliangalia ile maneno muda murefu. Nilizani atatupa simu. Kumbe anasema polepole, hata si kwa mimi:

— Niko hapa. Kazi ninayo mu mukono. Na imefungwa.

28

Leo asubuhi sauti ya Onésime iliingia, kwake peke yake, si mu groupe. Ninaandika vile nilisikia:

"Madame Bénite, wabukire, habari ya asubuhi. Hatukukusikia siku tatu. Uko muzima? Batu ya ku nyumba beko bazima? Ni nini ilikuzuia? Kazi utaituma wakati utaweza, nitakufungulia. Mbele ya yote uniambie kama uko muzima."

Bénite akalia. Akalia mpaka nikaogopa. Mimi nikamuambia, mais si amekufungulia, unalia nini?

— Hakuuliza kazi, Mama. Aliuliza kama niko muzima. Kazi ilikuja nyuma.

— Basi ni muzuri.

— Ndiyo. Ni muzuri.

Na akaendelea kulia. Huyu mwanaume wa simu, nilikuwa namuona kama mutu wa kumusumbua mutoto yangu bule. Leo nimemuombea.

3 mwezi wa kumi na moja

Nitaandika polepole, neno kwa neno.

Kazi ya wiki ya saba: tafuta sauti ya mwanafunzi wako mumoja, tusikilizishe, na utuambie ulisikia nini. Bénite alisema iko moja mu simu. Tukapanda. Mvua ilikuwa ndogo. Akafinya, na mutoto akaanza kusoma:

"Mama a-na... ana-pa... anapanda ma... mahara..."

Kisha sauti ya Bénite mwenyewe, kali, hata mimi nilishituka: "Haraka! Unavuta maneno kama kamba! Kaa chini!"

Kisha mutoto, kadogo: "Pardon, Madame."

Ni hapo inaisha.

— Ni nani huyu?

— Agar. Miaka kumi na moja. Nilimunasa sauti ili ajisikie namna anasomaka mubaya. Nilimusikilizisha mbele ya bengine. Balicheka.

Kisha akafinya simu ili iandike sauti yake, akaanza kuwaambia balimu bale bote. Mimi nilikuwa nashika mwamvuli. Hakuniangalia. Nadhani kunieleza mimi uso kwa uso ilimushinda, njo maana aliwaambia batu hajawahi kuona, na mimi nikiwa pembeni.

Alisema: Agar alikuwa anachelewa. Mara ya kwanza nilimurudisha. Mara ya pili nilimurudisha. Mara ya tatu, mwezi wa sita, nilikuwa nimeshafunga, akagonga. Nilijua ni yeye, anagongaka na kidole moja. Nikasema ndani: "Nani anachelewa anarudi kwabo." Akagonga tena. Kisha akaenda. Njia ya kwabo inapita mu kakao. Haikupita hata saa moja, tukasikia masasi ya bunduki. Sisi benye tulikuwa mu darasa tulitoka nyuma, tukakimbia, bote tukapona. Bote. Ule wa inje njo batu ya pori balimubeba. Mpaka leo hajaonekana.

Simu ingali inaandika. Mvua inagonga ku mwamvuli. Kisha akasema:

— Munauliza nilisikia nini mu hii sauti. Nilikuwa nasikia mutoto mwenye hajui kusoma. Sikuwahi kumuuliza juu ya nini unachelewa. Sikuwahi kumuuliza kama uko muzima. Ile neno nilijifunza wiki moja tu sasa.

Akaituma. Tukashuka. Nikafika nyumbani na mwamvuli ungali wazi, nikashindwa kupita ku mulango.

4

Nilimupikia ndizi na maharagi. Hakukula.

9

Bengine mu groupe nabo balianza kueleza ya kwabo. Mumoja wa Lubero alimufukuza mutoto juu ya uniforme. Bénite anabasikiliza asubuhi akipasua kuni. Hapasui muzuri.

13

Anasema mama ya Agar anaitwa Rébecca, na angali Oicha. Hana picha ya mutoto wake hata moja, nyumba yabo ilichomwa. Nikimaliza formation, anasema, nitamupelekea ile sauti. Nikamuambia utamupelekea namna gani? Akajibu, mu mukono.

Mu mukono maana yake yeye mwenyewe, ku ile njia. Nilienda kupalilia karoti zenye hazikuwa na majani mubaya.

18

Mungu anisamehe hii siku.

Kazi ya mwisho Bénite aliimaliza jana, mbele ya wakati. Iko mu simu, alibakia tu kupanda kule juu kuituma. Leo alienda kumuona directeur, mimi nikabeba simu kwa Manassé kuchajisha. Pale kwake bamama balikuwa banasema kama ku barrière ya barabara askari beko banaangalia simu ya kila mutu, na mwenye kukutwa na maneno ya batu ya pori anaenda nabo. Mimi nikafikiri: mu hii simu Bénite ameeleza masasi, ameeleza kakao, ameeleza nani alibebwa.

— Muzee Manassé, unaweza kufuta maneno mubaya humu?

— Mubaya gani?

— Ile inaweza kuletea mutoto matata.

— Mama, mimi sijui kuchagua. Najua kufuta yote, inakuwa kama mupya.

— Futa.

Vile tu. Futa. Ilichukua muda wa kula chungwa moja.

Bénite alirudi, akafungua simu, akaona ni tupu. Akaniangalia. Na mimi Jokébed, mwenye nimeimba mu chorale miaka makumi mbili, nikasema:

— Ni askari. Balinikamata ku barrière. Balifuta.

Aliangusha simu ku kitanda, akanishika mikono yote mbili.

— Mama, habakukugusa? Uko muzima?

Heri angenipiga.

19

Kazi ya mwisho haiko. Sauti ya Agar haiko. Bénite anakaa ku kizingiti, anasema nilikuwa na kitu moja tu ya kumupatia ule mama.

20

Mvua.

22

Bénite alirudi mu groupe na akaanza kazi yote upya, mais ya kukumbuka haifanani na ya kuandika. Akawaeleza askari balifanya nini. Sasa Onésime anasema balimu babili, bamama ya Beni, bameacha formation juu ya woga. Mumoja alivunja kadi ya simu yake na meno.

Na meno. Juu ya uongo yangu.

23

Nimesema.

Alikuwa anachagua mawe mu mchele. Nikasema yote: Manassé, futa, askari hakuna. Akaweka sahani chini polepole. Akatoka. Akafunga mulango inje, si kwa nguvu, polepole, na ile polepole ilikuwa mubaya zaidi.

Alirudi jua likienda kushuka, viatu mu mukono.

— Juu ya nini hukuniambia siku ile ile?

— Niliogopa utanifungia.

— Nitakufungia nini, Mama?

Njo hapo nikamueleza ile siandikaki. Bénite alikuwa anajua kama niliacha masomo sababu kwetu hapakuwa na minerval, feza ya masomo. Si vile. Mu troisième nilikuwa nachota maji ya shangazi kwanza, nafika mulango umefungwa. Mwalimu alikuwa ananiacha inje. Nilikuwa nasimama ku dirisha, nasoma ku ubao kutoka inje, na nilikuwa najua, Bénite, nilikuwa najua majibu. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, nikasimama, nikasimama, kisha nikarudi. Kesho yake sikuenda. Wiki ikaisha. Hakuna mutu alikuja kuuliza kama niko muzima. Ni vile nilimaliza masomo yangu.

Aliweka viatu chini. Kisha akasema:

— Na mimi nilikuwa nakuelezea vile nafunga mulango, na wewe unapiga mikono.

— Nilizani ni vile mwalimu muzuri anafanyaka.

— Hata mimi.

Tulibakia hapo, mchele mu sahani, mawe ingali humo. Kisha akachukua simu akawatumia groupe yote sauti: si askari, ni mama yangu, aliogopa juu yangu, mumusamehe, na bale babili barudi tafazali. Alinipatia simu niseme. Nikasema: "Ni mimi. Bamama, murudi. Pardon." Sauti yangu ilikuwa kadogo, nikakumbuka ingine.

26

Mumoja wa bale bamama amerudi. Mungine hapana.

Na Onésime alituma sauti. "Madame Bénite, kazi ya mwisho nakungojea mpaka tarehe kumi na tano. Sitaki kamilifu, tuma ile uko nayo. Na kuna kitu ingine. Mimi sifutaki sauti ya batoto benye munanitumia. Hii hapa."

Bénite hakufinya. Akaweka simu ku meza, akaenda kunawa mikono, akajipangusa muzuri, kisha akafinya.

"Mama a-na... ana-pa..."

Ni yeye. Yote iko. Na ile "kaa chini" pia iko.

— Tunaweza kukata hapo unamukemea? nikamuuliza. Manassé labda anajua kukata.

— Hapana, Mama. Wewe na Manassé, hapana tena.

Ni mara ya kwanza alicheka tangu mwezi wa sita. Kidogo tu.

15 mwezi wa kumi na mbili

Ametuma. Saba na nusu juu ya kumi. Amemaliza! Directeur alimupatia mukono. Mwezi wa kwanza, quatrième, hapa chini, dakika kumi kutoka mulango yetu. Nilipiga magoti mu jikoni kati ya masufuria.

18

Anaenda Oicha kesho. Nimesema yote mama anaweza kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, namna ya kusikiliza amejifunza humu mu simu. Kisha akasema: "Rébecca hajui nilimufungia mutoto mulango. Anafikiri Agar hakufika ku masomo. Napaswa kusema mwenyewe."

Nilimufungia viazi, na blouse ya baridi hata kama kule ni joto.

19

Amefika Beni. Atalala Bungulu, kwa Onésime na muke yake. Anasema Onésime ni mufupi na anatembea na fimbo.

20

Hakuna habari.

21

Hakuna habari. Nimefua mapazia yote.

22

Hakuna habari. Mama Paulin alikaa na mimi tangu asubuhi, hakufanya muchezo hata moja. Tulichambua maharagi ya mavuno, tukamaliza, tukaanza kuchambua ile tulishachambua.

23

Amerudi. Na vumbi mpaka ku kope. Nilimushika mikono, mabega, kichwa. "Uko muzima?" Nilisikia mudomo yangu inasema yenyewe.

Ninaandika vile alinieleza, kisha sitarudilia tena.

Rébecca anakaa mu chumba moja na batu tisa. Bénite alimuambia mbele ya kumusikilizisha: alifika, Mama Agar. Aligonga. Mimi sikufungua. Ule mama hakulia, hakutukana. Aliomba simu. Alisikiliza. Ilipofika ku "kaa chini" akauliza:

— Huyu ni wewe?

— Ni mimi.

Akasikiliza tena. Kisha akasema, taratibu, kama mutu mwenye anaeleza njia kwa mugeni:

— Wewe hujui juu ya nini alikuwa anachelewa. Alikuwa anatoka nyumbani mapema. Mais mu njia alikuwa anasimama, anafungua kitabu, anasoma kwa sauti. Akishindwa neno, hasongi mbele mpaka alipate. Batu ya mashamba balikuwa bananiambia. Alisema Madame hapendi navuta maneno.

Bénite alisema hapo hakuona tena kitu juu ya machozi.

Rébecca aliomba arudilie sauti mara nyingi, na kila mara alikuwa anaweka kidole ku simu ili isimame mbele ya "haraka". Mama a-na. Ana-pa. Anapanda. Mpaka simu ikazimika. Kisha akamupatia Bénite maji ya kunywa. Hakumusindikiza.

25

Noël. Tuliimba. Bénite hakuimba, mais alikuja.

10 mwezi wa kwanza, 2022

Leo ameanza. Nilimuambia nitakuwa ku soko. Nilipita na karoti zangu upande wa masomo, nikasimama pale wanauza makala ya kupikia, asinione.

Saa moja na nusu kengele iligonga. Batoto baliingia. Mulango wa quatrième haukufungwa. Aliweka jiwe chini, kubwa, la kushikilia. Saa mbili kasoro kumi, mutoto mumoja mwanamume alikuja mbio na kandambili moja ku mguu. Bénite alitoka, akainama, akamuuliza kitu. Kutoka pale sikusikia, mais midomo yake niliiona, na najua ni neno gani. Mutoto akaingia. Kisha bengine babili.

Nilihesabu. Saa mbili bote balikuwa ndani, viti vyote vimejaa, hakuna mutu tena ku njia. Upepo ilikuwa inaingiza vumbi na baridi, batoto ya karibu na mulango banajikunja. Mumoja alisimama aende kufunga. Bénite akamukataza na mukono.

Nilibakia mpaka saa ine. Mulango ungali wazi. Nilibeba karoti zangu nikaenda, sababu nilijua ni nani anangojewa pale: ule mwenye anagongaka na kidole moja.